Tashbihi na Uteuzi wa Maneno katika Wimbo Ulio Bora

Makala haya yanakusudia kuchunguza tashbihi na uteuzi wa maneno katika mashairi ya mapenzi ya Kiebrania cha kale yaitwayo Shir ha-Shirim, ambayo msomaji wa Kiswahili huyajua kwa jina la Wimbo Ulio Bora. Kazi hii ni fupi: ina sura 8 na aya 117 tu. Hata hivyo, ni vigumu kupata utungo mwingine wa kale ambao tashbihi zake zimewasumbua wahakiki kiasi hiki. Nywele za mwanamke zinafananishwa na kundi la mbuzi, meno yake na kondoo waliokatwa manyoya, shingo yake na mnara wenye ngao elfu moja, na pua yake na mnara unaoelekea Dameski. Mwanafunzi anayezisoma tashbihi hizi kwa mara ya kwanza aghalabu hucheka. Swali letu ni hili: je, kicheko hicho kinatokana na utungo wenyewe, ama kinatokana na namna tulivyozoea kuusoma?

Yafaa kwanza tueleze kwa ufupi jinsi utungo huu ulivyofasiriwa. Kwa karne nyingi wafasiri wa Kiyahudi na wa Kikristo waliuchukulia kama istiara ndefu: mume ni Mungu, na mke ni taifa la Israeli au Kanisa. Rabi Akiva, aliyefariki yapata mwaka 135, aliutetea kwa nguvu utakatifu wake, na inasimuliwa kwamba aliwakemea waliouimba katika karamu kama wimbo wa kawaida. Habari hiyo ni ushahidi mzuri kwa mhakiki, kwani jambo lisilotendwa halikemewi. Bila shaka wapo watu waliouimba utungo huu karamuni na kuuelewa kuwa ni mashairi ya mapenzi.

Mwaka 1873 J. G. Wetzstein, aliyewahi kuwa balozi mdogo wa Prussia mjini Dameski, alichapisha maelezo ya nyimbo za arusi za wakulima wa Syria. Miongoni mwake zilikuwamo nyimbo za kumsifu bibi arusi kiungo baada ya kiungo. Wenyewe waliziita *wasf*, na tangu hapo wataalamu wamelitumia neno hilo kwa sehemu za Wimbo Ulio Bora zilizo na muundo kama huo. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa sana neno hili, maana ni ndugu wa maneno yetu *wasifu* na *sifa*. Mwana wa lugha hii anajua kwamba kusifu si sawa na kupiga picha. Anayesifiwa hutukuzwa kwa vitu ambavyo jamii yake inavithamini.

Hapo ndipo wahakiki wa karne ya 20 walipogawanyika. Richard Soulen, katika makala yake ya mwaka 1967, alidai kwamba tashbihi hizi hazikusudiwi kutuonyesha umbo la mwanamke. Kazi yake, kwa maoni ya Soulen, ni kumwamshia msikilizaji hisia za furaha na mastaajabu alizo nazo mpenzi. Marcia Falk, mshairi na mfasiri, alimpinga. Kwa maoni yake tashbihi hizi zinaonekana kwa jicho, mradi msomaji ajue mahali pa kusimama anapotazama. Sisi tunaona kwamba kila mmoja ana sehemu ya ukweli. Lakini jibu kamili hupatikana tunapoacha kuzitazama nomino peke yake na kuanza kuvisikiliza vitenzi na sauti za maneno.

Tuanze na mbuzi. Msomaji akishika nomino pekee, atawaza harufu na ukaidi wa mnyama huyo. Kitenzi ndicho kinachobeba tashbihi. Mzizi wake, g-l-sh, hautokei popote pengine katika Biblia ya Kiebrania isipokuwa mara mbili katika utungo huu, na mara zote mbili unahusu mbuzi wanaoteremka mlima wa Gileadi. Mbuzi wa nchi ile aghalabu walikuwa weusi. Mtazamaji aliye mbali haoni mbuzi mmojammoja. Anaona weusi unaotiririka mteremkoni kwa mawimbi. Kinachofananishwa, basi, ni rangi na mwendo. Mfasiri anayeandika "kama kundi la mbuzi" na kukifanya kitenzi kuwa "waliolala" ameuua mfano wenyewe.

Tashbihi ya meno inaongeza jambo la pili, nalo ni mchezo wa sauti. Kondoo wametoka kuoshwa, ni weupe, na kila mmoja anafuatana na pacha wake. Mtunzi anatumia neno *shekkullam*, yaani "ambao wote", kisha mara moja anafuatisha *shakkulah*, yaani aliyepoteza mwanawe. Maneno haya mawili yanakaribiana sana kwa sauti na kupingana kwa maana: la kwanza linakusanya, la pili linapunguza. Sikio linapata ukamilifu wa meno kabla akili haijaufikia. Huu ni ufundi ambao malenga wa Kiswahili, aliyezoea kucheza na vina na maneno yenye sauti za kufanana, ataukubali bila kuhojiana.

Mfano wa tatu unahusu farasi jike anayetajwa pamoja na magari ya Farao. Wafasiri wengi waliridhika kusema kwamba farasi ni mnyama mzuri aliyepambwa. Marvin Pope, katika ufafanuzi wake wa mwaka 1977, alikumbusha kwamba magari ya vita ya Misri yalikokotwa na farasi dume. Alirejelea pia maandishi ya kaburini mwa Amenemheb, askari wa Farao Thutmose wa Tatu, yanayosimulia jinsi mtawala wa Kadeshi alivyomwachilia farasi jike mbele ya jeshi la Misri ili kulivuruga. Tukiikubali hoja hii, tashbihi inabadilika kabisa. Uzuri wa mwanamke huyu hauketi kimya ukitazamwa. Unavunja safu za vita. Hapa ujuzi wa historia ndio unaomwezesha mhakiki kuiona nguvu ya neno.

Sauti za maneno huunganisha pia sehemu kubwa zaidi za utungo. Katika sura ya 4 konsonanti l, b na n zinarudi tena na tena: *levonah* ni ubani, *Levanon* ni Lebanoni, na katikati yake kuna kitenzi *libbavtini*, kilichoundwa kutokana na *lev*, yaani moyo. Mpenzi anasema kwa neno moja tu kwamba moyo wake umetwaliwa. Hivyo manukato, mlima na moyo vinafungwa kwa uzi mmoja wa sauti. Katika sura ya 6 mwanamke anafananishwa na mwezi na jua, lakini mtunzi hatumii majina ya kawaida. Mwezi anauita *levanah*, "nyeupe", na jua analiita *hammah*, "lenye joto". Ilhali katika sura ya 1, jua lililomchoma msichana huyo shambani liliitwa *shemesh*, jina lake la kila siku. Jua la kazi na jua la sifa yamepewa majina mawili.

Hapa tunafikia aya yenye uzito mkubwa kwa msomaji wa Kiafrika, ambamo msichana anajitaja kuwa mweusi. Kiungo kati ya weusi na uzuri wake ni *we*, herufi moja ambayo kwa kawaida humaanisha "na", ingawa muktadha waweza kuipa maana ya "lakini". Tafsiri ya kale ya Kiyunani ilitumia "na". Jerome, katika tafsiri yake ya Kilatini, alichagua "lakini", na Biblia ya Kiswahili ya Union Version, iliyotoka mwaka 1952, imefuata njia hiyo ya pili. Uamuzi wa kiunganishi kimoja umewafundisha wasomaji wengi kwamba weusi ni dosari inayohitaji kufidiwa. Utungo wenyewe unaeleza jambo tofauti. Weusi unafananishwa na hema za Kedari, zilizofumwa kwa manyoya ya mbuzi weusi, na msichana anasema alichomwa na jua kwa kuwa nduguze walimtuma kulinda mizabibu. Suala ni la kazi na tabaka, wala si la asili ya mtu. Tena katika aya inayofuata mtunzi anatumia *sheharhoret*, umbo lenye urudufishaji, ambalo wataalamu kadhaa hulifasiri kuwa ni weusi wa kiasi. Kiswahili kinao urudufishaji wa namna hiyo hiyo katika "mweusi-mweusi". Ni lugha chache za tafsiri zenye bahati hii.

Bahati hiyo haiko hapo tu. Manukato ya utungo huu, yaani udi, ubani, manemane, zafarani, mdalasini na hina, yana majina yanayofahamika katika Kiswahili, kwa kuwa biashara ya bahari iliyoyafikisha kwa Waebrania kutoka kusini mwa Arabuni na kwingineko ilizigusa pwani zetu pia. Vilevile mpenzi anapoitwa *ahoti*, "dada yangu", hakuna haja ya kushtuka. Katika nyimbo za Misri zilizohifadhiwa kwenye mafunjo ya Chester Beatty ya karne ya 12 kabla ya Kristo, wapenzi huitana kaka na dada. Union Version ilitumia neno "umbu", linalomtaja ndugu wa jinsia nyingine, na kwa maoni yetu ulikuwa uteuzi bora kuliko "dada".

Lakini Kiswahili kina upungufu mmoja hapa. Kiebrania hutenga "wewe" wa kiume na "wewe" wa kike, hata katika vimilikishi na vitenzi. Kiswahili hakitengi. Kwa hiyo msikilizaji wa Kiebrania anajua papo hapo ni nani anayezungumza, naye wa Kiswahili anaweza kupotea. Hili si jambo dogo, kwa sababu katika utungo huu mwanamke ndiye anayesema zaidi, naye ndiye mwenye neno la kwanza na la mwisho. Mfasiri asipotenga jina moja la kumwitia mume na jingine la kumwitia mke, na kulishikilia toka mwanzo hadi mwisho, sauti ya mwanamke itamezwa.

Tunapendekeza, basi, kwamba tafsiri yoyote mpya ya mashairi haya ifanywe na mjuzi wa Kiebrania akishirikiana na malenga, kisha ijaribiwe kwa kusomwa kwa sauti mbele ya wasikilizaji. Na katika madarasa yetu ya fasihi linganishi, tashbihi ya mbuzi isifundishwe kama kichekesho. Mwanafunzi aulizwe kwanza: kitenzi chake ni kipi?