Sili ya krenki na upungufu wa istilahi zetu za ufundi

Kazi ya kuunda istilahi za Kiswahili haikuanza jana. BAKITA ilianza kutoa vijitabu vya Tafsiri Sanifu katika miaka ya 1970. Mwaka 1987 Rajmund Ohly alichapisha kamusi ya awali ya istilahi za ufundi huko Dar es Salaam, na mwaka 1992 Zubeida Tumbo-Masabo na H.J.M. Mwansoko wakatupatia kiongozi cha uundaji wa istilahi. Hizi ni juhudi za kuheshimiwa. Hata hivyo, lipo swali ambalo wahakiki wetu hulipitia juujuu: fundi akiwa amelala chini ya lori, mikono imejaa grisi, je, istilahi hizo humwelekeza la kufanya?

Hebu tuchukue mfano mmoja mdogo, sili ya mbele ya krenki katika injini ya dizeli. Krenki ni ule mhimili wa chuma unaozungushwa na pistoni. Ncha yake ya mbele hutokeza nje ya injini ili ishike puli inayoendesha mikanda. Pale inapotokeza pana tundu, na ndani ya injini mna oili. Panahitajika kitu kitakachouacha mhimili uzunguke mara elfu na zaidi kwa dakika huku kikizuia oili isitoke. Kitu hicho ni pete yenye ganda gumu na mdomo laini. Mafundi huiita sili, au oili sili.

Sasa tuliweke lori hilo Katilu, Turkana Kusini, kando ya mto Turkwel, katika ukanda wa barabara itokayo Kitale kwenda Lodwar. Malori ya chakula cha wakimbizi yamekuwa yakipita ukanda huu tangu kambi ya Kakuma ianzishwe mwaka 1992. Mwezi Juni 2018 yakaongezeka malori ya mafuta ghafi yaliyoanza safari ya kutoka Lokichar hadi Mombasa. Lori likianza kumwaga oili hapa, Lodwar ni mbali na Kitale ni mbali zaidi. Oili ikiisha, beringi za krenki hukauka, injini hushika, na dereva hubaki kandoni mwa barabara na mzigo wa watu. Fundi aliye karibu, pamoja na mwanagenzi wake, ndio tegemeo. Lugha wanayoelewana kwayo, hasa kama mmoja ni Mturkana na mwingine ametoka Kitale au Eldoret, ni Kiswahili.

Mwanagenzi huyo akienda kamusini, atakutana na nini? Atakuta mhuri, yaani chapa ya ofisini. Atakuta lakiri, yaani nta ya kufungia barua. Neno sili lenyewe atalikuta, lakini ni jina la mnyama wa baharini, na Turkana hakuna bahari! Kwa krenki, orodha za istilahi zinampa fitokombo. Nusu ya pili ya neno hili ni nzuri, maana krenki kweli ina makombo yanayogeuza mwendo wa juu na chini kuwa mzunguko. Nusu ya kwanza ndiyo yenye walakini. Fito ni vijiti vyembamba vya kujengea nyumba ya udongo, tena ni wingi wa ufito. Chuma kinachobeba nguvu zote za injini hakifanani na ufito hata kidogo. Isitoshe, mwandishi atasema fitokombo hii au fitokombo hizi? Si ajabu neno hilo halijavuka mlango wa gereji.

Nisieleweke kuwa nawabeza waundaji. Walipochota kutoka kwenye kazi halisi ya Waswahili, walipata maneno mazima. Kapi, gurudumu dogo la kupitishia kamba jahazini, linafaa kabisa kwa puli ya injini, kwa kuwa vyote viwili huzunguka na kupitisha kamba au mkanda. Mabaharia hao hao walitupa kalafati, yaani pamba ya kuzibia mianya ya mbao ili maji yasiingie chomboni. Ningemshauri mwana-istilahi alifikirie neno hilo kwa gasketi, ambayo hubanwa kati ya vipande viwili visivyosogea. Kwa sili ya krenki halifai, maana sili huzuia huku kitu kinazunguka ndani yake. Tofauti hiyo baina ya kuziba kilichotulia na kuziba kinachozunguka ndiyo istilahi inapaswa kuibeba. Kifaransa hakiibebi vizuri: neno joint hutumika kwa gasketi na kwa sili pia, hadi liongezewe neno jingine. Fundi aliyejifunzia kazi Bukavu, akija Kakuma na Kiswahili chake kilichochanganyika na Kifaransa, anaweza kuagiza kimoja akaletewa kingine.

Je, lugha ya gereji yenyewe ni salama? La hasha. Ina uzuri wake na ina mashimo yake, na mhakiki asiyaone mashimo ya kamusi pekee.

Uzuri wake ni neno mdomo. Sili huwa na mdomo unaoelekea ndani kushika oili, na aghalabu mdomo wa pili mdogo unaoelekea nje kuzuia vumbi. Kwa barabara za Turkana, huo wa pili si pambo. Mwanagenzi akiambiwa "mdomo mkubwa uangalie ndani", ameelewa na hawezi kuipachika sili kinyume. Uzuri mwingine ni namna Kiswahili kinavyopanga viwango vya ugonjwa. Injini inayotoa jasho imelowa tu kwa nje na inaweza kufika Lodwar. Inayotona inahitaji kuangaliwa oili yake kila kituo. Inayovuja mfululizo haifai kuondoka. Hapo msamiati wenyewe unatoa uamuzi.

Shimo la kwanza liko kwenye vitenzi. Katika gereji nyingi kila kitu "hufunguliwa", ilhali kazi hii ina hatua ambazo kila moja inadai kitenzi chake. Boliti ya puli hulegezwa. Puli huvutwa kwa pula. Ikigongwa kwa nyundo, inaweza kupinda au kuharibu mpira wake wa kupunguza mtikisiko. Sili kuukuu hung'olewa bila kuukwaruza mhimili, kwa sababu alama moja ya bisibisi inatosha kuifanya sili mpya ivuje. Mhimili hupanguswa na kupapaswa kwa ukucha. Ukucha ukikwama kwenye mfereji uliochimbwa na mdomo wa sili ya zamani, panahitajika kuvishwa ganda jembamba la chuma, au sili mpya ikae kina tofauti kidogo, mtengenezaji akiruhusu. Sili mpya husukumwa sawasawa pande zote kwa kifaa chake. Kikikosekana kifaa, bomba la upana unaofaa hutumika, nalo hugongwagongwa polepole kwa kuzunguka. Tazama kazi inayofanywa na uradidi: gonga ni pigo moja la nguvu, gongagonga ni mapigo mengi mepesi. Sarufi yetu inalo tayari jambo ambalo mwongozo wa Kiingereza hulieleza kwa sentensi nzima. Mwisho, boliti hukazwa kwa kipimo alichoandika mtengenezaji. "Kaza mpaka ikubali" si kipimo.

Shimo la pili ni la hatari zaidi, nalo limo katika neno sili likisimama peke yake. Zipo sili za mdomo wa mpira, na hizo kwa kawaida hupakwa oili kidogo kabla ya kupachikwa. Zipo pia sili za mdomo wa tefloni, zinazotumika katika injini nyingi za dizeli za siku hizi. Nyingi kati ya hizo hupachikwa kavu, mhimili ukiwa umepanguswa oili yote, kwa sababu tefloni inahitaji kuacha utando wake mwembamba juu ya chuma ili izibe. Ukiipaka oili, inaweza kuvuja tangu siku ya kwanza. Vitu viwili, jina moja, maagizo yanayopingana! Fundi mzoefu aliyekulia kwenye sili za mpira atapaka oili kwa nia njema kabisa, na mwenye lori atasema ameuziwa spea feki. Tungezoea kusema sili ya mpira na sili ya tefloni, au hata sili ya oili na sili kavu, jina lenyewe lingemkumbusha.

La tatu ni dogo. Tunaposema sili ya mbele, mbele ya wapi? Mbele ya injini ni upande wa puli. Katika lori upande huo huwa ndio mbele ya gari pia, lakini katika basi ambalo injini imewekwa nyuma, mbele ya injini inaweza kuelekea nyuma ya gari. Sili ya upande wa puli ni jina refu kidogo, lakini halimpotezi mtu.

Ninachodai basi ni mizani mpya ya uhakiki. Tumezoea kuuliza kama istilahi ni fupi, kama ina asili ya Kibantu au Kiarabu, na kama inanyumbulika. Tuongeze swali hili: mtu akilisikia neno hili kwa mara ya kwanza akiwa na kifaa mkononi, atafanya kosa gani? Kwa mizani hiyo fitokombo linaanguka, kapi linapita, mdomo linapita kwa heshima, na sili pekee linarudishwa likaongezewe kivumishi. Kwa mizani hiyo pia orodha ya nomino haitoshi. Kamusi ya ufundi isiyo na kulegeza, kuvuta, kung'oa na kugongagonga, kila kimoja na mahali pake, ni nusu ya kamusi.

Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi pia, lakini miongozo ya injini inayomfikia kijana wa Katilu imeandikwa kwa Kiingereza, naye anabaki kukisia. Vyuo vyetu vya ufundi na idara za Kiswahili katika vyuo vikuu zinaweza kuanza na kazi ndogo: karatasi moja ya Kiswahili kwa kila kazi ya kawaida ya gereji, isomwe mbele ya mafundi wawili wasiojuana, na palipotokea kutoelewana parekebishwe kabla ya kuchapishwa. Neno moja kama "kavu", likiwa mahali pake, linaweza kuokoa injini nzima.