Kasula si Joho

Mfasiri akutanapo na kasula, vazi la juu la padri katika Misa, huweza kushawishika kuandika "joho", kwa kuwa neno hilo limezoeleka. Hapo maana hupotea. Joho huwa wazi mbele, nalo huonyesha cheo cha alivaaye, awe mkuu wa mji wa pwani au mhitimu wa chuo. Kasula haina mpasuo. Hupitishwa kichwani, ikafunika alba na stola. Asili yake ni neno la Kilatini "casula", yaani kijumba. Isidore wa Seville, aliyefariki mwaka 636, alieleza kuwa vazi liliitwa hivyo kwa sababu humfunika mtu mzima kama nyumba ndogo. Basi joho humtukuza mtu, kasula humsitiri. Wala "kanzu" haitoshi, maana hiyo yaelekea zaidi alba, vazi la ndani.

Huenda ikasemwa kuwa kasula ni neno geni. Lakini joho nalo lilitoka katika Kiarabu, likapokewa pamoja na kitu chake. Aikataaye kasula hakisafishi Kiswahili. Ampunguzia msomaji maana.