Nuru na Kivuli katika Picha ya Mzee Herschel

Aghalabu mpiga picha wa kujifurahisha, aingiapo chumbani na kamera yake, huwa na hofu moja: kwamba nuru haitoshi. Basi huwasha taa zote, akaongeza na flashi, na uso wa mtu ukatoka bapa kama sahani. Dawa ya hofu hiyo imo katika picha ya mtaalamu wa nyota, Sir John Herschel, iliyopigwa mwaka 1867 na Bibi Julia Margaret Cameron wa Uingereza.

Bibi huyu hakuwa fundi wa studio. Alizaliwa Calcutta, Bara Hindi, mwaka 1815, na kamera yake ya kwanza alipewa na binti yake mwezi Desemba 1863, naye ana umri wa miaka 48. Banda la kuku lenye vioo aliligeuza kuwa chumba cha kupigia picha. Chumba cha makaa ya mawe kikawa cha kusafishia. Nuru yake ilikuwa ya jua, wala hakuiachia yote. Aliizuia kwa mapazia mpaka ikabaki ile aliyoitaka.

Njia hiyo ndiyo inayoonekana katika picha ya Herschel. Nyuma yake ni giza, na nguo zake ni nyeusi; kinachojitokeza ni uso na nywele nyeupe. Makunyanzi ya miaka 75 yanasomeka moja moja, kwa kuwa kila kunyanzi lina upande wa nuru na upande wa kivuli. Lau nuru kali ingemjia kutoka mbele, vivuli hivyo vingefutika, na umri wake pamoja navyo.

Kasoro haikosekani. Kwa nuru kidogo, kamera ilibidi iachwe wazi muda mrefu, pengine dakika kadhaa. Aliyeketi akatikisika, na picha ikaingia ukungu. Wahakiki wa wakati ule walimlaumu. Kwa maoni yangu lawama hiyo yafaa kwa baadhi ya picha zake za watoto waliovikwa mabawa ya malaika, ambamo ukungu hauongezi maana. Kwa Herschel, ukungu mdogo watuonyesha mtu aliye hai, anayepumua.

Mimi mwenyewe somo hili nimelilipia. Mwalimu mwenzetu alipostaafu, nilimpiga picha ofisini, mgongo wake ukigusa ukuta mweupe, kwa flashi. Kamera ilipima weupe wa ukuta, ikapunguza nuru. Ukuta ukatoka vizuri, na uso wake mweusi ukawa doa lenye mng'aro wa jasho. Sasa ameshafariki, na sina picha yake nyingine.

Laiti ningezima taa, nikamketisha ubavu kwa dirisha, mbali na ukuta, na kumtundikia shuka nyeupe upande wa kivuli ili irudishe nuru kidogo! Kazi hiyo haihitaji fedha.

Walimu wenzangu, wazee wanaotusimulia hadithi na kutufumbulia methali wazidi kupungua. Tunapokwenda kuwasikiliza pamoja na wanafunzi wetu, kwanza tutazame nuru yaingilia wapi, ndipo tufungue kamera. Watakaokuja baada yetu wana haki ya kuziona nyuso zao.