Zawadi za Khitma: Ni za Nani, na Zipi Zinafaa?

 

Tulialikwa katika khitma ya kijana wa miaka 10. Hatukusudii khitma isomwayo kwa maiti, bali ile furaha ya mtoto aliyemaliza kuusoma msahafu chuoni. Turubai lilifungwa, viti vikakodiwa, biriani ikapikwa, na kijana akasoma kwa sauti iliyowatoa watu machozi. Kisha wakaanza kumtuza. Mjomba alimtia noti mkononi, shangazi akambandika nyingine kwenye kanzu, jirani akaleta saa ya ukutani yenye picha ya Al-Kaaba, na bahasha zikajaa sinia. Siku ya tatu kijana alitujia msikitini baada ya Alasiri akauliza: "Shekhe, zile pesa nilizotuzwa baba amelipia turubai na viti. Inafaa?"

Katika khitma zote tulizohudhuria, hatukuwahi kuulizwa swali hili na mtu mzima hata mmoja. Ndiyo sababu ya kuandika haya.

Asili ya furaha yenyewe haina ubishi. Imepokewa kwa Anas bin Malik (r.a.) kwamba alikuwa akikhitimu Qur'ani huwakusanya watu wa nyumbani kwake akawaombea dua. Tunalolikosoa ni namna tunavyotoa, na tunavyopokea.

Tuanze na kupokea. Shekhe Zainuddin Al-Malibari katika Fat-hul Muin, kitabu ambacho wengi wetu tumekisoma darasani tukapita mlango wa hiba mbio mbio ili tuwahi mlango wa nikaha, amelitaja suala linalofanana sana na hili: zawadi zinazoletwa mtoto anapotahiriwa. Imo humo kauli kuwa ni milki ya baba, na imo kauli ya kundi jingine la wanavyuoni kuwa ni milki ya mtoto, na kwa kauli hii baba hulazimika kuzipokea kwa niaba ya mwanawe ikiwa hakuna jambo la kuchelea. Lakini hitilafu hiyo ina mpaka. Ni pale mtoaji alipotoa bila ya kumkusudia yeyote kati yao. Ama akimkusudia mmoja wao, zawadi ni ya huyo aliyekusudiwa, na hapo hapana khilafu.

Wenzetu Mahanafi wameitazama zawadi yenyewe: inayomfaa mtoto, kama nguo za kitoto, ni yake, nyingine hutazamwa imetoka kwa jamaa wa baba au jamaa wa mama. Njia ni mbalimbali, lakini zote zinauliza swali ambalo sisi hatuulizi tunapokusanya bahasha kwenye sinia: aliyetoa alimkusudia nani?

Tukiipima khitma kwa kipimo hicho, mambo hayafichikani. Aliyempa baba pesa siku mbili kabla na kusema, "Hizi zikusaidie shughuli," amemchangia baba, na baba alipie turubai kwa raha zake. Lakini mjomba aliyekifumbata kiganja cha mtoto juu ya noti na kumwambia, "Hongera mwanangu, hizi zako," hakubakisha nafasi ya hitilafu. Ile ni mali ya mtoto. Baba ni walii wake, mikono yake ni ya kuhifadhi.

Wapo watakaotutajia Hadithi iliyomo katika Sunan ya Ibn Majah, yenye maana kuwa mtu na mali yake ni vya baba yake. Tunaijua. Mahanbali wameitegemea kumruhusu baba achukue katika mali ya mwanawe, nao wameweka masharti, miongoni mwake kuwa asimdhuru mtoto. Jamhuri ya wanavyuoni, na Mashafii wakiwamo, hawakuifahamu kuwa inamvua mtoto milki yake. Wangeifahamu hivyo, mirathi ya mtoto ingekuwa haina maana. Kwa Mashafii mtoto mwenye mali hata nafaka yake huweza kutolewa katika mali hiyo, kwa hiyo baba aliyemnunulia mwanawe viatu vya chuo kwa pesa zile hana lawama. Lakini turubai si nafaka ya mtoto. Ni deni la baba aliyetaka watu waone.

Kijana tulimjibu kwamba asigombane na mzazi wake, na kwamba baba yake tutazungumza naye wenyewe. Tulizungumza naye. Hakufurahi, na hatukutarajia afurahi.

Tukija kwenye kutoa, kuna mtu ambaye sinia lile humpita: mwalimu. Zamani haki yake hii ilikuwa mlango wa fiqhi. Muhammad bin Sahnun wa Qairawan, aliyefariki mwaka 256 Hijria, aliandika Adabul Muallimin, na humo anasimulia aliyomuuliza baba yake, Imam Sahnun, kuhusu khitma: lini mwalimu anaistahiki, na mtoto anatakiwa awe amefika wapi katika kusoma kwake. Yaani kwao khitma lilikuwa jina la kile anachopewa mwalimu! Na kitabu hicho hicho kinamkataza mwalimu kuwatoza watoto zawadi juu ya ujira wake. Haki ikalindwa pande zote mbili. Siku hizi mwalimu hupewa sahani ya biriani, akaombwa dua ndefu, akarudi kwake kwa miguu.

Na mtoto apewe nini? Walio wengi hununua msahafu, na huo ndio uteuzi bora ukifanywa kwa akili. Tumeona misahafu mikubwa ya kingo za dhahabu ndani ya sanduku la mahameli, ambayo mama huiweka juu ya kabati siku ile ile, na mtoto huambiwa asiiguse asije akaichafua. Huyo amepewa pambo la sebule. Imam Nawawi na wenzake katika madhehebu yetu wamesema mtoto mwenye kupambanua hazuiwi kuushika msahafu kwa ajili ya kujifunza hata akiwa hana udhu, kwa sababu ya uzito wa kumtaka awe nao kila mara. Fakihi amemwondolea uzito, sisi tunamrudishia kwa sanduku la mahameli. Mpeni msahafu wa kiasi cha mikono yake, na wa chapa aliyosomea. Aliyezoea kurasa 604 za msahafu wa Madina, kila ukurasa ukimalizikia kwenye mwisho wa Aya, akipewa wa chapa ya Bombay atababaika kwa alama na kwa mpangilio, na kinyume chake ni vivyo hivyo. Ulizeni chuoni kwanza.

Wengine hununua tafsiri ya Kiswahili, na hili tunalipenda zaidi, kwa tahadhari. Qurani Takatifu ya Shekhe Abdullah Saleh Farsy, iliyotoka kamili mwaka 1969, ina fadhila juu ya kila msomaji wa Kiswahili. Lakini Shekhe ametia maneno ya ufafanuzi ndani ya mabano, na mtoto asiyeelekezwa hudhani yaliyomo kwenye mabano nayo ni Aya. Ile ya Shekhe Ali Muhsin Al-Barwani ya mwaka 1995 imefuata Al-Muntakhab ya Misri, tafsiri yenye maelezo ya elimu za maumbile, na mtoto huyachukua maelezo yale kuwa ndiyo makusudio yenyewe ya Mwenyezi Mungu. Si aibu ya vitabu hivyo. Havikuandikiwa watoto wa miaka 10. Anayetoa tafsiri na atoe na saa moja kwa wiki ya kukaa na mtoto huyo. Imam Malik ametaja katika Muwatta kwamba Abdullah bin Umar (r.a.) alikaa na Suratul Baqara miaka 8 akijifunza. Mtoto wetu amemaliza msahafu mzima na hajui maana ya Al-Fatiha, nasi tunampa saa ya ukutani.

Jambo jingine lisipite. Dada wa kijana yule alikhitimu mwaka uliotangulia. Tulipouliza alifanyiwa nini, tukaambiwa walipika maandazi nyumbani. Hadithi ya Nuuman bin Bashir (r.a.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, ni ya baba aliyempa mwanawe mmoja na kuwaacha wengine, na Mtume (s.a.w.) akakataa kulishuhudia jambo hilo. Madhehebu ya Shafii ni kuwasawazisha watoto katika hiba, wa kiume na wa kike.

Anayetaka kutoa basi, aandike jina la mtoto kwenye ukurasa wa kwanza wa kitabu au juu ya bahasha, na aseme mbele ya baba kwa sauti ya kusikika kuwa zawadi hii ni ya mtoto. Pesa zikiwa nyingi, baba aziandike ni kiasi gani na zimewekwa wapi, na mtoto akibaleghe akawa rashidi akabidhiwe. Wallahu aalam.