Nani Garasa?

Kuna neno moja nimelitumia maisha yangu yote bila ya kulipima. Neno lenyewe ni garasa. Wacheza karata wanalijua: ni karata isiyo na pointi, ile ambayo mtu akigaiwa nyingi hukunja uso na kumtazama mwenziwe kama anayeomba msaada. Kutoka kwenye mkeka wa karata neno hili limehamia kwenye mpira, na mchezaji aliyesajiliwa kwa vishindo kisha asionyeshe cha maana huitwa garasa.

Mimi ni mtu wa Michenzani. Baraza yetu iko chini ya moja kati ya yale majumba marefu yaliyoanza kujengwa zama za Mzee Karume kwa msaada wa Wajerumani wa Mashariki. Baada ya sala ya alasiri hapo pana kahawa, pana karata na dhumna, na pana mahakama. Nasema mahakama kwa sababu kila jioni watu huhukumiwa hapo, nao hawapo kujitetea. Kesi huwa nyingi zaidi pale timu inapovunjwa na kuundwa upya. Hapo ndipo kila mtu anapokuwa kocha, mwenyekiti wa usajili na mwekahazina kwa pamoja. Mazungumzo hayo ndiyo ninayotaka kuyahakiki hapa, na mimi mwenyewe sijitoi ndani yake.

Nitaanza na Simba, kwa sababu mie ni mtu wa Simba na si adabu kutonesha kwanza kidonda cha jirani. Msimu wa 2023/24 Simba ilimaliza ligi katika nafasi ya tatu. Ilikuwa na pointi 69 sawa na Azam, ikazidiwa kwa mabao, na Yanga ikawa bingwa kwa pointi 80. Timu iliyotwaa ubingwa mara nne mfululizo, kutoka msimu wa 2017/18 hadi 2020/21, sasa ilikosa hata tiketi ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Uongozi ukaamua kubomoa. Wakongwe wakaagwa. Clatous Chama, aliyekuwa roho ya timu, alimaliza mkataba akahamia Yanga. Akaletwa kocha Fadlu Davids, raia wa Afrika Kusini, na wakaja vijana ambao wengi wetu hatukuwahi kuwasikia: Jean Charles Ahoua wa Ivory Coast, Joshua Mutale wa Zambia, Steven Mukwala wa Uganda, Augustine Okejepha wa Nigeria, na wengineo.

Wiki ya kwanza baraza nzima ilikuwa na busara. "Timu inajengwa, jamani, tuwe na subira." Maneno hayo nimeyasema hata mie, tena kwa sauti. Agosti 2024 Yanga ikaifunga Simba 1–0 katika Ngao ya Jamii, na subira yetu ikaisha siku hiyo hiyo. Huyu akawa mwepesi, yule hana mwisho, yule mwingine anacheza vizuri kwenye video za simu tu. Garasa, garasa, garasa. Msimu wa ligi ulikuwa haujaanza, nasi tulikwishaufunga.

Yaliyofuata yanajulikana. Ahoua alimaliza msimu wa 2024/25 akiwa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 16. Timu ile ya "magarasa" ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika. Ikafungwa 2–0 kule Berkane, Morocco, na mechi ya marudiano ikaletwa hapa kwetu Amaan, Mei 25, 2025, kwa kuwa uwanja wa Mkapa haukuwa katika hali nzuri. Kutoka Michenzani hadi Amaan mtu huenda kwa miguu. Bao la Simba alilifunga Mutale, mapema, na uwanja ukatikisika. Mechi ikaisha 1–1, kombe likaenda Morocco. Lakini niulize: mara ya mwisho Simba kucheza fainali ya Afrika ilikuwa lini? Ilikuwa mwaka 1993, Kombe la CAF, ilipotoka sare ya 0–0 Abidjan na Stella, kisha ikafungwa 2–0 Dar es Salaam. Na Ahoua tuliyemwita garasa alitoka klabu gani? Stella hiyo hiyo. Aliyetukumbusha hayo ni mzee mmoja wa barazani ambaye hakuwa amesema neno tokea Agosti.

Nalitaja hilo ili nisiwadhulumu wenzangu. Wapo watu wanaodhani kwamba maneno ya barazani ni ya wavivu wasiojua kitu. Si kweli. Pale pana watu wanaokumbuka vikosi vya miaka 40, nani alicheza namba ngapi na nani alimpisha nani. Tatizo letu si ujinga. Tatizo ni kwamba elimu hiyo yote tunaitumia kwa kupanga bei. Tukizungumzia mchezaji tunasema kifaa, mashine, jembe, mali safi. Vyote hivyo ni vitu vya dukani, na kitu cha dukani ukikirudisha nyumbani kisifanye kazi siku ile ile, basi kibovu. Lugha tuliyoichagua haina nafasi ya mtu anayejifunza.

Na wenzetu wa Yanga wasicheke. Mwaka 2021, baada ya misimu minne bila ya ubingwa, nao waliunda timu upya. Wakaja Fiston Mayele, Djigui Diarra, Khalid Aucho, Yannick Bangala na wenzao. Septemba mwaka huo Rivers United ya Nigeria ikawatoa katika Ligi ya Mabingwa, 1–0 nyumbani na 1–0 ugenini. Nakumbuka jinsi walivyoitukana timu yao, na jinsi sisi tulivyowasaidia. Timu ile ile ikamaliza ligi ya 2021/22 bila ya kupoteza mechi hata moja. Kama hukumu ya Septemba ingetekelezwa Septemba, Juni ya mwaka uliofuata wasingekuwa na cha kusherehekea.

Hapo msomaji anaweza kudhani kwamba nahubiri subira tu, na kwamba kosa lote ni la mashabiki. La hasha. Subira nayo ina masharti yake. Tazama Marekani kwenye mchezo wao wa besiboli. Kwa miaka mingi utaratibu wao ulikuwa kwamba timu iliyoshika mkia ndiyo inayochagua kwanza katika vijana wapya. Houston Astros walipoteza mechi 106 mwaka 2011, mechi 107 mwaka 2012 na 111 mwaka 2013. Mwaka 2012 walipewa chaguo la kwanza wakamchukua kijana Carlos Correa, na mwaka 2017, Correa akiwa ndani ya timu, wakawa mabingwa. Shabiki wa kule akiambiwa avumilie, anajua kwamba kushindwa kwake kuna malipo. Anaweza kukaa na wenziwe wakabishana juu ya kijana wa miaka 18 ambaye watamwona miaka minne baadaye, na ubishi huo ukawa na maana.

Kwetu kushindwa hakulipi kitu. Ukishika nafasi ya tatu hupewi kijana, unanyang'anywa safari ya Ligi ya Mabingwa. Wala hatubadilishani wachezaji kama wao: mchezaji huondoka kwa fedha, au mkataba humalizika akaenda atakako, hata kama atakako ni kwa mtani. Mohamed Hussein "Tshabalala" alikuwa Simba tokea 2014, akawa nahodha, na mwaka 2025 akaenda Yanga. Na kocha aliyeijenga timu ile ya fainali hakumaliza mwaka wa pili, Septemba 2025 aliondoka kwenda Raja Casablanca. Fundi kaondoka na mwiko wake, na ukuta bado haujafika kwenye linta. Basi shabiki anapoambiwa kwa mara nyengine tena kwamba timu inajengwa, ana haki ya kuuliza: inajengwa na nani, na hadi lini? Viongozi wa mpira wamelifanya neno hili kuwa pazia. Nyuma ya pazia kila kosa linafichika.

Kwa hiyo siwataki watu wa baraza wanyamaze. Nawataka wabadilishe maswali. Badala ya kuuliza kijana ni mali au garasa, tuulize mkataba wake ni wa miaka mingapi, kacheza dakika ngapi, kachezeshwa nafasi gani, na nani aliyetaka aje, kocha au mtu mwengine. Majibu ya maswali hayo humgusa kiongozi. Swali la garasa humgusa mchezaji peke yake, na ndiyo maana ni jepesi.

Tena hata kwenye karata tunalitumia neno hili vibaya. Mcheza karata wa kweli hatupi garasa ovyo. Anajua kwamba garasa ya turufu, japo haina pointi hata moja, inakula ree ya rangi nyengine. Thamani ya karata haiko kwenye sura yake tu. Iko pia kwenye rangi iliyotajwa, na kwenye wakati inapochezwa. Haya tunayajua mkekani, tukishika mpira tunayasahau.

Na kama hasara ingekuwa ya Ahoua na Mutale peke yao nisingeandika. Wao wana mikataba, na maneno ya Michenzani hayawafikii. Lakini ulimi uliozoea kumkata mgeni ng'ambo ya bahari humkata na mtoto wa ghorofa ya pili. Sisi Wazanzibari tuna tabia ya kutomwona kijana wetu mpaka avuke. Januari 2022 Yanga ilimchukua Ibrahim Hamad "Bacca" kutoka KMKM. Hapa wengi walisema anakwenda kukaa benchi, na kweli mwanzo alikaa. Baadaye akawa nguzo ya ulinzi wa mabingwa, na akawamo katika Taifa Stars iliyokwenda AFCON Ivory Coast mwanzoni mwa 2024. Sasa kila mtu wa barazani alimwona akiwa mdogo.

Yuko mwengine ambaye hakurudi na jina. Alikuwa winga, kijana wa jumba letu hili hili, mwembamba, mguu wa kushoto. Sisi wenyewe ndio tuliompandisha: kila jioni tukimwita jembe, tukimpangia Simba au Yanga kama vile usajili uko mikononi mwetu. Akaitwa majaribio Dar es Salaam kwenye klabu moja. Baada ya wiki mbili akarudi na begi lake. Jioni hiyo barazani mtu akauliza habari zake, na mie ndiye niliyejibu: "Si niliwaambia? Garasa yule." Sikuwa nimewaambia kitu. Nilitaka tu nionekane nilijua.

Kijana alikuwa anashuka ngazi. Alipotufikia akasema, "Shikamooni," nasi tukajibu marahaba kwa pamoja, kama watu wasio na neno. Sijui alisikia kiasi gani, ila tokea siku hiyo sikumwona tena kiwanjani. Sidai kwamba neno langu peke yake ndilo lililomvua viatu. Najua tu kwamba lilikuwa miongoni mwa yaliyomvua.

Miaka ikapita, naye akawa dereva wa bodaboda. Siku ile ya fainali nilipotoka Amaan magoti yalikuwa yameshachoka, nikapunga mkono, na aliyesimama akawa yeye. Njiani nikamuuliza nililopaswa kumuuliza zamani: kule Dar ilikuwaje? Akajibu bila ya kinyongo. "Nilipewa dakika 20, Ami. Waliniweka beki wa kulia." Winga wa mguu wa kushoto, beki wa kulia, dakika 20. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuuliza. Tulipofika chini ya jumba nikatoa nauli, akaikataa. Akasema, "Umemwona Mutale, Ami? Mlimsema sana yule." Kisha akawasha pikipiki akaenda zake.

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Nilichoweza ni kubadili mwenendo wangu. Siku hizi linapotajwa jina la mchezaji mpya, la mgeni au la mtoto wa hapa, huuliza kwanza: kacheza dakika ngapi, na wapi? Wenzangu wamechoka nami. Wamenipa jina, wananiita Bwana Dakika, na wakiniona nakuja na kikombe changu cha kahawa husema mahakama imeahirishwa. Nalipokea jina hilo.