Kamera Tatu Kikwajuni Usiku, Flashi Zimezimwa

Jamani, hii Nikon Z6III inaona gizani! Nimeijaribu Kikwajuni, Zanzibar, baada ya sala ya Isha, sambamba na Canon EOS R6 Mark II na Sony A7S III, kila moja na lenzi yake ya milimita 50 iliyofunguliwa f/1.8, na sitaki kuirudisha.

Kwa mtihani wa mwanga hafifu, Kikwajuni haina huruma. Chini ya maghorofa yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi ya 1964, taa nyeupe ya LED inagombana na balbu ya manjano ya muuza kahawa, na hatua chache mbele ni giza totoro. Wapiga picha wa harusi wanaijua taabu hii: buibui jeusi, kanzu nyeupe, taa moja.

Nilianza na mzee wa barazani aliyeniruhusu kumpiga picha, kichwani kofia ya viua. ISO 12800, spidi 1/100. Nikazikuza picha mpaka vitundu vya kofia vikaonekana. Nikon na Canon, mashallah! Kila kitundu kipo, hata uzi unaonekana ulikopita. Sony imetoa picha laini na safi, ila vitundu vya pembeni vimeanza kuungana. Yeye ana megapikseli 12.1, wenzake wana 24 na ushei.

Wengi huapa kwamba pikseli kubwa za Sony hunywa mwanga zaidi. Lakini sensa zote tatu zina ukubwa mmoja, takriban milimita 36 kwa 24, kwa hiyo mwanga unaoziangukia ni ule ule. Punguza picha za Nikon na Canon zilingane na ya Sony, uone chenga zinavyokaribiana! Sony inachomoka ukifika ISO 51200: buibui linabaki jeusi, kwa wenzake linaanza kuingia uzambarau.

Kilichonipagawisha hasa ni fokasi. Watoto wanakimbiza mpira kichochoroni, mimi mwenyewe siwaoni vizuri, Nikon imeshalinasa jicho! Nikon wanatangaza kwamba hushika fokasi hadi EV -10 kwa lenzi ya f/1.2, Canon wanataja -6.5 kwa lenzi kama hiyo. Picha yenye chenga husafishika kwenye kompyuta, iliyokosa fokasi ndiyo basi tena.

Kasoro? Ipo. Kwa ISO 100, ukivuta sehemu zenye kivuli, Z6III hutoa chenga nyingi kuliko hata kaka yake Z6II wa 2020. Kuanzia ISO 800 tofauti hiyo karibu yote inayeyuka, na usiku nani anapiga kwa ISO 100?

Tahadhari kwa zote tatu: umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo taa nyingi za LED hupepesa mara 100 kwa sekunde. Shata ya kielektroniki itakuchorea mistari ukutani. Tumia shata ya kawaida, spidi 1/100 au 1/50.

Hukumu yangu: anayeishi kwa video achukue Sony. Mwenye lenzi za Canon abaki alipo, hakosi kitu kikubwa. Lakini anayeanza upya, na riziki yake ni harusi na taarabu za usiku, anunue Z6III, na lenzi ya f/1.8 itangulie flashi.