Kimya cha Opereta

Aliyewahi kuomba simu ya mbali kwa opereta, iwe Chunya au Mbeya mjini, anakijua kile kimya kifupi baada ya kuambiwa "subiri". Ndani yake kulikuwa na kazi nzito ya mikono na masikio. Mimi huipenda zaidi nikiifuata hadi Souilly, Ufaransa, Oktoba 1918. Mwezi huo, Vita Kuu ya Kwanza ikielekea mwisho, wakati askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki, wakipita Njombe kwa miguu, opereta wa Kimarekani Grace Banker na wenzake wachache walikuwa wakiunganisha simu za Jeshi la Kwanza la Marekani katika mapigano ya Meuse-Argonne.

Mbele ya opereta pana ubao wa matundu, kila tundu na laini yake. Chini yake nyaya zimepangwa mbilimbili, kila mmoja na plagi kichwani. Mtu akipiga, kifuniko kidogo cha chuma huanguka. Opereta anachomeka plagi ya kwanza, anasukuma swichi apate kusikia, anauliza anatakiwa nani. Anachukua plagi ya pili, mwenza wa ile, anaichomeka kwenye laini iliyotajwa, kisha anapiga kengele ya upande wa pili. Wakishaitikiana, anajitoa. Wakimaliza, anachomoa zote mbili, anarudisha kifuniko. Wakati huo vingine vimeshaanguka.

Hayo ni ya mikono. La kichwani lilikuwa gumu kuliko hayo. Laini nyingi zilipitia mitambo ya Wafaransa, ndiyo maana Jenerali Pershing, mkuu wa majeshi ya Marekani huko, aliomba wanawake wanaojua lugha zote mbili. Ofisa anafoka kwa Kiingereza. Opereta anaomba njia kwa Kifaransa, kwa adabu, maana opereta wa upande ule naye amechoka. Kisha anamrudia ofisa kwa Kiingereza, sauti ile ile, bila haraka. Vikosi navyo havikutajwa kwa majina yao, bali kwa majina ya siri yaliyobadilishwa mara kwa mara. Jina la jana likimponyoka mdomoni leo, simu inakwenda kusikotakiwa, na huko mbele kuna watu wanaosubiri mizinga.

Banker aliijua kazi hii kwa kuifundisha: kabla ya vita alikuwa mkufunzi katika kampuni ya simu, na Machi 1918 aliongoza kundi la kwanza kufika Ufaransa. Tarehe 30 Oktoba mabanda ya Souilly yalishika moto. Wanawake waliendelea kuchomeka na kuchomoa mpaka walipotishiwa adhabu wasipotoka. Baada ya muda usiozidi saa moja walirudi kwenye laini zilizokuwa bado hai.

Banker alipewa nishani ya juu ya utumishi. Hata hivyo, jeshi lilishikilia kwamba wanawake hao walikuwa raia walioajiriwa tu. Sheria iliyowatambua kuwa wanajeshi ilipita mwaka 1977. Banker alikuwa amefariki mwaka 1960.